Denis Burkitt, munganga wa jicho moja mwenye alichora ramani ya kansere ya watoto

Kuna ugonjwa wenye wazazi wengi wanaanza kwa kuuita jino. Shavu la mutoto linavimba upande mumoja, jino linatikisika, na jamaa wanamupeleka kwa mutu wa kungoa meno. Jino linatoka lakini uvimbe haupungui. Nyuma ya juma moja shavu limekuwa kubwa zaidi, na pengine jicho limeanza kusukumwa inje. Hapo wengine wanaanza kutafuta ndoki ndani ya jamaa: labda shangazi, labda babu mwenye alikasirika juu ya mahari. Siku zinapita. Na kwa ugonjwa huu siku ni kitu kikubwa, juu uvimbe wake unaweza kujizidisha mara mbili ndani ya siku moja ao mbili tu.

Jina lake ni limfoma ya Burkitt. Ni kansere ya watoto, zaidi wale wa miaka 4 mupaka 9, katika sehemu za Afrika zenye joto, mvua na malaria mingi. Kisangani iko katikati kabisa ya sehemu hizo. Lakini Burkitt hakuwa dawa wala muji. Alikuwa mutu, munganga mupasuaji, na maisha yake yanaonyesha ginsi ugonjwa wenye kila mutu alikuwa anauona bila kuuelewa ulipata kueleweka, na ginsi wanganga walianza kufahamu kwamba maaskari wa mwili wetu wenyewe wanaweza kuwa ndani ya kansere, upande wa adui na upande wa dawa.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 mwezi wa 2 mwaka 1911, karibu na muji mudogo wa Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Baba yake, James, alikuwa enjinia wa serikali, mutu wa barabara na madaraja. Lakini kitu chenye kilimufanya baba huyo ajulikane ni ndege wa kwenye bustani yake. Alikuwa anawatega, anawavalisha pete ndogo muguuni, kisha anawaachilia na kuandika kila mumoja anaonekana wapi. Kwa njia hiyo alipata kuchora mipaka ya kila ndege, kama vile mutu anavyochora mipaka ya shamba. Mutoto Denis alikuwa anaona kazi hiyo nyumbani kila siku. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe angefanya kazi ya namna ileile, ila hakufuata ndege, alifuata ugonjwa.

Alipokuwa na miaka 11, watoto walikuwa wanatupiana mawe na jiwe moja likapiga miwani yake. Jicho la kuume likaharibika, wanganga wakalitoa. Toka siku hiyo alivaa jicho la kioo.

Alienda Dublin kusomea uenjinia kama baba yake, lakini hakuendelea. Alikuwa amepata imani ya Kikristo yenye nguvu na akaona njia yake ni udaktari. Alimaliza masomo mwaka 1935, akapata cheti cha upasuaji Edinburgh mwaka 1938, akafanya kazi kwa muda kama munganga wa meli yenye ilimufikisha mupaka Manchuria. Alipoomba serikali ya kikoloni ya Uingereza imutume Afrika ya Magharibi, walimukatalia juu ya lile jicho. Mupasuaji wa jicho moja, nani angemwamini? Vita ndiyo ilimufungulia mulango. Mwaka 1941 jeshi la Uingereza lilihitaji wanganga na halikuchagua sana. Alitumwa Kenya, Somalia na Sri Lanka. Katika miaka hiyo, mwaka 1943, alimuoa Olive Rogers, na baadaye walizaa wasichana watatu.

Vita ilipoisha, wakoloni walimukubali. Mwaka 1946 alifika Uganda, akapelekwa Lira, inchi ya Walango upande wa kaskazini. Hospitali moja, munganga mumoja, watu mingi. Huko aliona jambo lenye wengine wangepita tu: wanaume wa upande wa mashariki ya wilaya walikuwa wanakuja na mabusha kila wakati, lakini wa upande wa magharibi karibu hawaji. Inchi ni ileile, watu ni walewale, chakula kilekile. Akaandika jambo hilo katika jarida la wanganga. Kazi yenyewe ni ndogo, lakini tayari ulizo lake la maisha yote liko ndani: kwa nini ugonjwa uko hapa na haupo pale?

Mwaka 1948 alihamishwa Kampala, hospitali ya Mulago, na alikaa huko karibu miaka 18.

Siku moja mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell, munganga wa watoto mwenye alijulikana kwa kazi yake juu ya kwashiorkor, alimuita aangalie mutoto wa kiume wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kuume na kushoto. Burkitt hakuelewa. Usaha haufanyi vile, unakaa sehemu moja. Kansere nayo kwa kawaida inaanza mahali pamoja. Alipiga picha, akaandika, na mutoto akaenda zake. Katika maandishi mutoto huyo anaitwa Africa tu. Ni vizuri kukumbuka hilo, juu ugonjwa ulichukua jina la munganga na hapana la mutoto wa kwanza.

Majuma machache baadaye Burkitt alikuwa katika hospitali ya Jinja, pale Nile inapotoka ziwani. Alitupa jicho lake moja dirishani, akaona musichana mudogo amekaa na mama yake kwenye majani. Uso umevimba vilevile. Alitoka mbio kumupima, akakuta uvimbe ndani ya tumbo pia. Sasa haikuwa tena jambo la pekee. Ugonjwa wa mutu mumoja unaweza kuwa ajabu, lakini ukiuona mara mbili unaanza kuuliza maulizo. Burkitt alirudi Mulago akaanza kufungua faili za zamani. Alikuta watoto wengine waliokufa na uvimbe wa taya, wa figo, wa maini, wa ovari, kila mumoja ameandikiwa jina tofauti la kansere. Yeye aliona kwamba ni kansere moja yenye nyuso mingi.

Mwaka 1958 aliandika juu ya watoto 38 katika jarida la wapasuaji wa Uingereza. Karibu hakuna mutu aliyejali. Lakini pale Kampala wataalamu wa kupima nyama za wagonjwa, Jack Davies na Mumarekani Gregory O'Conor, walikuwa wanaangalia vipande vilevile kwa mikroskopu. Wakaona kwamba uvimbe huo umetengenezwa na chembe za limfu, yaani chembe nyeupe za damu. Tena katika orodha yao ya kansere za watoto wa Kampala, hii peke yake ilikuwa karibu nusu.

Hapa tusimame kidogo, juu ndipo penye kiini cha habari yote. Chembe nyeupe za damu ni maaskari wa mwili. Kati yao kuna wenye wanaitwa chembe B: wanatengeneza kingamwili, silaha zenye zinatupwa ndani ya damu kumutafuta adui mbali. Kuna pia chembe T: baadhi yao wanamukabili adui uso kwa uso na kumuua. Ugonjwa wenye Burkitt aliona ni chembe B yenye imeacha kazi yake na kuanza kujizalisha bila kuuliza mutu. Watu wa Kisangani hawana haja ya kufundishwa maana ya askari kuasi na kugeuza silaha ndani ya muji wenye alipaswa kulinda.

Kwa nini anaasi? Burkitt hakuwa na maabara. Alikuwa na karatasi. Alichapisha barua zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa hospitali za serikali na za misioni kote Afrika, akiuliza: umeona hii? Majibu yalipokuja alikuwa anapigilia pini kwenye ramani ukutani. Polepole ukanda ukaonekana, unapita katikati ya Afrika, kama digrii 15 kaskazini ya ikweta na 15 kusini, na mukia wenye unashuka kwenye pwani ya Msumbiji. Ndani ya ukanda watoto wanaugua, inje yake karibu hakuna.

Lakini ukingo wa ukanda upande wa kusini haukuwa wazi, na barua haitoshi. Burkitt alinunua motokari ya zamani aina ya Ford, akajaza vifaa, akaondoka Kampala mwezi wa 10 mwaka 1961 pamoja na wanganga wawili wa misioni, Ted Williams na Cliff Nelson. Walipita Kenya, Tanganyika, Malawi ya leo, Zambia na Zimbabwe za leo, Msumbiji, mupaka Afrika Kusini. Majuma 10, kilometa karibu 16 000, hospitali zaidi ya 50. Katika kila hospitali ilikuwa ulizo moja na picha zilezile. Safari ile haikupita Kongo. Mwaka ule inchi yetu ilikuwa katika machafuko. Lumumba alikuwa ameuawa mwezi wa kwanza, na hapa Stanleyville watu walikuwa na mambo mengine ya kufikiria.

Waliporudi, kwanza walifikiri kinachoamua ni urefu wa inchi. Karibu na ikweta ugonjwa haupatikani juu ya meta 1500. Lakini kadiri walivyoshuka kusini, ukomo huo ulizidi kushuka, na mwisho ugonjwa ulikuwa unapatikana kwenye inchi ya chini tu. Kumbe si urefu, ni joto. Ugonjwa unataka mahali ambapo baridi haishuki chini ya digrii kama 16, tena penye mvua ya kutosha, sentimeta 50 kwa mwaka ao zaidi. Mutu wa Kisangani akisikia hivyo anajua mara moja: tuko kwenye meta karibu 400 juu ya bahari, mvua yetu inapita kiasi hicho mara tatu, na baridi kama hiyo hatuijui. Kitu gani kinafuata joto na mvua? Alexander Haddow, mutaalamu wa virusi kule Entebbe, aliangalia ramani na kuona inafanana na ramani ya magonjwa yanayopelekwa na wadudu. Yaani mbu.

Mbele ya safari ile, tarehe 22 mwezi wa 3 mwaka 1961, Burkitt alikuwa amepewa nafasi ya kusema London, katika hospitali ya Middlesex. Kati ya wasikilizaji alikuwamo kijana mutafiti, Anthony Epstein, aliyekuwa anachunguza virusi yenye kuleta kansere kwa kuku. Epstein alikuwa anajiuliza kama kitu kama hicho kiko kwa watu. Aliposikia juu ya kansere yenye kufuata joto na mvua, aliona amepata njia. Wakapatana: Kampala itatuma vipande vya uvimbe kwa ndege.

Zaidi ya miaka miwili vipande vilifika na Epstein hakuona kitu. Kisha mwezi wa 12 mwaka 1963 ndege moja ilishindwa kutua London juu ya ukungu na ikageuzwa Manchester. Chupa ilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yameoza. Mbele ya kuyatupa, Epstein aliangalia tone moja. Halikuwa na uozo. Zilikuwa chembe za uvimbe zinazoelea peke yake, nzima na hai. Alizikuza na mwanzoni mwa mwaka 1964, kwa mikroskopu ya elektroni, virusi ikaonekana. Yeye na wenzake, Bert Achong kutoka Trinidad na Yvonne Barr, wakatangaza. Ilikuwa virusi ya kwanza ya watu kufungamanishwa na kansere. Leo inaitwa virusi ya Epstein-Barr.

Sasa fumbo likazidi. Ilionekana kwamba karibu kila mutu muzima duniani amebeba virusi ile, hata Ulaya, hata Marekani. Inapita kwa mate. Hapa kwetu mutoto anaipata angali mudogo sana, na kwa kawaida haoni hata ugonjwa. Virusi inajificha ndani ya chembe B maisha yote, na chembe T zinailinda kama mulinzi wa gereza. Basi kama kila mutu anayo, kwa nini kansere iko Afrika ya joto?

Gilbert Dalldorf, Mumarekani, ndiye alifikiria malaria mwaka 1964, na Burkitt mwenyewe alikuja kuikubali kwa nguvu. Ramani yake ilikuwa sahihi lakini yeye aliisoma vibaya mwanzoni: mbu hawapeleki kansere, wanapeleka malaria, na malaria ndiyo inafungua mulango. Burkitt alionyesha visiwa vya Zanzibar na Pemba, ambako mbu walikuwa wamepigwa vita vikali: ng'ambo yake, kwenye bara, watoto walikuwa wanaugua, lakini visiwani kansere hii ilikuwa adimu.

Ginsi malaria inafanya hivyo ilieleweka nyuma ya miaka mingi. Mutoto mwenye anapata malaria mara kwa mara, chembe B zake zinaamshwa kila wakati na kulazimishwa kuzaana haraka. Katika haraka ile makosa yanatokea. Kipande cha kromosomu ya 8 kinavunjika na kujishikiza kwenye ya 14, na jeni moja yenye kuamuru chembe izaane inabaki imewaka, kama bomba lenye halifungiki. Wakati huohuo malaria inachosha zile chembe T zenye kulinda virusi. Uchunguzi uliofanywa Kisumu, Kenya, ulionyesha kwamba watoto wenye kansere hii wamepoteza uwezo wa chembe T zao kuitambua protini moja ya virusi. Na ni hiyo moja tu yenye virusi inaendelea kutengeneza ndani ya uvimbe. Zingine zote imezivua ili isitambulikane. Askari aliyeasi anavua yunifomu, na mulinzi mwenye alipaswa kumukamata amechoka.

Burkitt hakujua haya yote. Lakini kulikuwa na jambo lenye aliona kwa macho, ao tuseme kwa jicho, na ni kwa jambo hilo wanganga wengi wanamukumbuka. Mulago ya wakati ule haikuwa na mashine ya miali. Kupasua taya ya mutoto kulimuharibu uso na hakukumuponya. Ilibaki dawa za sindano, zenye zilikuwa bado mupya na zilitumwa kutoka Marekani na Ulaya kidogo kidogo ili zijaribiwe. Burkitt alitoa kile alichokuwa nacho. Watoto wengine walipata sindano moja ao mbili tu, kisha dawa ikaisha, ao wazazi wakawachukua na kurudi shambani. Kwa kansere zingine kiasi hicho ni bure. Hapa uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto wale walionekana tena nyuma ya miaka, wakubwa na wazima.

Mutu anaweza kuuliza kama ilikuwa haki kujaribu dawa mupya kwa watoto wa watu maskini, chini ya serikali ya kikoloni, na vipande vya miili yao kupelekwa Ulaya. Ulizo hilo ni la haki na halifutwi na matokeo. Lakini watoto wale bila dawa walikuwa wanakufa karibu wote, ndani ya miezi michache.

Burkitt alijiuliza: dawa kidogo namna hii imewezaje? Akaona lazima mwili wenyewe ulimalizia kazi. Mwaka 1967, pamoja na Sebastian Kyalwazi, Muganda aliyekuwa kati ya wapasuaji Waafrika wa kwanza wa Afrika ya Mashariki, aliandika juu ya wagonjwa ambao uvimbe wao ulirudi nyuma bila dawa. Hao walikuwa wachache sana. Kule Ibadan, Nigeria, Victor Ngu wa Kamerun aliona mambo yanayofanana na akashika njia ileile ya kutafuta ginsi mwili unajipigania. Vipande kutoka Nairobi, vilivyotumwa na Peter Clifford, vilifika Uswidi kwa George na Eva Klein, na wao wakakuta katika damu ya wagonjwa kingamwili zenye kujishikiza kwenye chembe za uvimbe. Mwili ulikuwa umemuona adui. Mwaka 1972 zawadi ya Lasker, moja ya zawadi kubwa za udaktari Marekani, ilipewa watu kadhaa kwa kazi ya kutibu kansere kwa dawa. Burkitt, Ngu na Clifford walikuwa kati yao.

Wataalamu wa leo wanasema Burkitt labda aliweka uzito mwingi upande wa mwili: limfoma hii inayeyuka haraka pia kwa sababu chembe zake zinazaana haraka, na dawa zile zinaua zaidi chembe zenye zinazaana. Lakini ulizo lake limeenea kwa kansere zote, na jibu si moja. Kwa kansere ya kongosho, kwa mufano, mambo yanageuka. Uvimbe unajizungushia ukuta mugumu kama kovu. Chembe T nyingi zinabaki inje, na chembe zingine za kinga zinaitwa ndani na kugeuzwa walinzi wa uvimbe wenyewe. Ralph Steinman, mutu aliyegundua chembe zenye kuonyesha maaskari wengine adui ni nani, alipata kansere hiyo mwaka 2007 na akajaribu kujitibu kwa chembe zilezile. Aliishi miaka minne, muda mrefu kuliko wengi, akafa siku tatu mbele ya kutangazwa zawadi yake ya Nobel mwaka 2011. Ukiangalia hivyo, watoto wa Burkitt walikuwa na bahati ndani ya balaa: kansere yao ni kali sana, lakini ni kati ya zile zinazopona.

Hapo ndipo uchungu wake uko kwa watu wa Tshopo. Katika inchi tajiri watoto kama 9 juu ya 10 wenye limfoma hii wanapona. Katika ukanda wenye Burkitt alichora, ni wachache zaidi. Dawa za msingi ni za zamani, nyingine zilikuwepo tayari wakati wake. Kinachokosekana ni njia. Mutoto wa Opala ao wa Bafwasende anafika muji kwa mutumbwi, kwa pikipiki, mwisho kwa toleka, nyuma ya majuma ya meno na maombi. Kisha sindano ya kwanza inaondoa uvimbe, mama anaona shavu limerudi, pesa imeisha, na wanarudi nyumbani mbele ya dawa kumalizika. Wengi wanarudiwa na ugonjwa. Dalili za kuangalia ni zilezile Burkitt alizoandika mwaka 1958: taya kuvimba na meno kutikisika, jicho kutoka inje, tumbo kujaa uvimbe mugumu.

Juu ya kuzuia, jaribio kubwa lilifanywa kaskazini ya Mara, Tanzania, kati ya 1977 na 1982. Watoto walipewa klorokwini ya kuzuia malaria, na kansere ikapungua; lakini ilikuwa imeanza kupungua mbele ya dawa kuanza, kwa hiyo jibu halikuwa safi. Hata vile, hakuna munganga leo anayetenga malaria na limfoma hii. Chandarua chenye mutoto analala ndani yake kinamukinga na zaidi ya homa.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kikafunguliwa Mulago, chini ya Mumarekani John Ziegler. Ndicho kilizaa Taasisi ya Kansere ya Uganda. Wakati wa Idi Amin wageni walipoondoka, Charles Olweny, Muganda, alishika kazi na hakuiacha ife.

Sehemu ya mwisho ya maisha yake wazungu wanaijua kuliko sisi. Kule Uingereza alianza kuuliza ulizo lake la zamani upande mwingine: kwa nini magonjwa fulani ya matumbo yako Ulaya na hayapo katika vijiji vya Afrika? Aliwaomba wanganga wa misioni wapime hata uzito wa choo cha watu, na aliitetea akiwa mbele ya wakubwa bila haya. Jibu lake lilikuwa makapi ya chakula, yale yenye yanabaki katika majani, maharagwe na nafaka isiyokobolewa. Watu wa pondu na lituma wangeweza kumwambia bure. Si kila kitu alichosema juu ya hayo kilisimama, lakini mikate ya rangi ya kahawia katika maduka ya Ulaya ni kazi yake kwa sehemu kubwa.

Alikufa tarehe 23 mwezi wa 3 mwaka 1993, huko Uingereza, nyuma ya damu kuziba kichwani. Alikuwa na miaka 82, na zaidi ya 70 kati ya hiyo aliona dunia kwa jicho moja.